Barua ya wazi kwa wenye dhamana: Urithi wa michezo wa Dar es Salaam hauna mwenyewe

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya michezo;
Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale;
Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam, na wenzake wa Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni;
Viongozi wa vyama vya michezo na wa klabu kongwe za jiji hili.

Waheshimiwa,

YAH: KUPATIWA MWENYEWE URITHI WA MICHEZO WA DAR ES SALAAM

Nawasalimu kwa heshima zote.

Barua hii ilitakiwa iwafikie ndani ya bahasha. Zilizotangulia zilikwenda hivyo, zikiwa na anwani, kichwa cha habari na sahihi, zikapokelewa masjala na kugongwa muhuri. Majibu yalikuja kwa mdomo tu, nayo yalinizungusha. Mmoja alisema suala hili ni la klabu zenyewe. Mwingine akasema ni la serikali. Wa tatu akanielekeza makumbusho. Wa nne, ambaye nilimpenda kwa sababu angalau alifungua faili, alitaka kwanza kujua kama uwanja ninaousema uko Ilala au Temeke. Ofisi zao sizitaji, kwa kuwa kila mmoja alisema kweli yake: hakuna kati yao aliyekabidhiwa kazi hii. Ndiyo maana leo nawaandikia nyote kwa mpigo, hadharani, wasomaji wakiwa mashahidi.

Ninachokiomba ni kimoja, na mengine yote yanatoka humo. Urithi wa michezo wa Dar es Salaam upewe mwenyewe: mtu mwenye cheo, meza na bajeti, ambaye mwananchi akimuuliza kikombe fulani kiko wapi au kanda fulani ilikwenda wapi, hawezi kumjibu kwamba si idara yake.

Nisieleweke kwamba nalilia zamani kwa kuwa ya sasa yamenishinda. Mpira wa jiji hili una nguvu. Mwaka 2023 Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakaifunga USM Alger 1-0 kwao Algiers, wakalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini kwa kuwa hapa nyumbani walishafungwa 2-1. Mwaka 2025 Simba nao wakafika fainali hiyohiyo dhidi ya Berkane ya Morocco. Tumekabidhiwa AFCON, yaani fainali za mataifa ya Afrika, ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Wadhamini wanapigana vikumbo, jezi zinauzwa mpaka kwenye foleni za magari. Katika fedha zote hizo sijasikia likitajwa fungu la kumbukumbu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uwanja wa Uhuru

Tangu uwanja mpya wa watu 60,000 ufunguliwe mwaka 2007, ukapewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020, ule wa zamani ulio ubavuni mwake umekuwa kama kiporo: haukutupwa, ila hakuna anayempakulia mgeni. Zikija sherehe za kitaifa unafagiliwa, zikiisha unafungwa.

Historia yake ya siasa tunaijua. Hapo ndipo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilipotelemka na ya Tanganyika ikapanda. Hapo ndipo tulipomuaga Mwalimu Oktoba 1999. Sina wasiwasi na hayo, yana vitabu na yana wenyewe.

Nina wasiwasi na haya mengine. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikaifunga Mehalla ya Misri 1-0 hapa Dar, ikafungwa idadi hiyohiyo kwao na kutolewa kwa penalti. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa wengi wetu kuamini kwamba Waarabu wanafungika. Mwaka 1977 Simba hao hao wakaipiga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake, na wanaojua utani wetu wanajua kwamba mabao hayo sita yanaongelewa misibani na harusini hadi leo, na anayeyaanzisha hujibiwa papo hapo kwa yale matano ya Yanga ya mwaka 1968. Mwaka 1993 Simba walirudi kutoka Abidjan na sare tasa kwenye fainali ya Kombe la CAF, jiji zima likaingia Uwanja wa Taifa, kama Uhuru ulivyoitwa wakati huo, kwenda kuchukua kombe, Stella ya Abidjan wakashinda 2-0 wakalichukua wao. Kipigo nacho ni historia. Wengi walilia siku ile, ingawa ninaijua mitaa ya Jangwani, kwa watani wao Yanga, iliyolala usingizi mzuri usiku wake.

Uwanja huu umefanyiwa ukarabati zaidi ya mara moja. Siupingi ukarabati, jukwaa likiwa bovu linaua watu. Nauliza jambo dogo: kabla ya nondo ya kwanza kukatwa, ni nani alipita na kamera na daftari? Vile vidirisha vya tiketi, vyenye upana wa kuingiza kiganja kilichokunja noti na kutoka na kipande cha karatasi. Mageti ya mzunguko, ambayo bomba zake za chuma zililainika kwa kushikwa na mikono ya waliokuwa wanasukumana. Ngazi za zege ambazo watu walizikalia tangu asubuhi kusubiri mechi ya saa kumi. Kuna aliyeandika kwamba kipande hiki kibaki, hiki kipigwe picha, hiki kipelekwe makumbusho? Kama yupo, naomba ajitokeze nimpe mkono na barua hii nipunguze aya moja.

2. Kariakoo na makabati yake

Klabu mbili kubwa za nchi hii zina makao ambayo mtu anaweza kutoka moja hadi nyingine kwa miguu akiwa bado na maji ya chupa mkononi. Simba iko Mtaa wa Msimbazi, Yanga iko kwenye makutano ya Twiga na Jangwani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa timu iliyoitwa Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, na mwaka 1971 ikawa Simba. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 bingwa wake wa kwanza alikuwa huyo Sunderland, na akarudia mwaka 1966. Miaka mingi baadaye Sunderland yenyewe ya Uingereza ilishiriki kujenga kituo cha vijana cha JMK pale Kidongo Chekundu, jirani na Msimbazi. Mtoto anayefanya mazoezi pale angefurahi kuelezwa mkasa huo wa majina mawili kukutana mtaani kwake.

Historia hiyo yote iliandikwa mahali. Ilikuwa kwenye madaftari ya wanachama, kwenye mihtasari ya vikao, kwenye barua za kuomba mechi na risiti za viatu. Nani anayo leo? Klabu zetu zimepitia migogoro, tena mikali. Pan African yenyewe ilizaliwa kutokana na mgogoro wa Yanga wa miaka ya 1970. Na kila mgogoro huwa na siku ya kubadilisha makufuli. Anayeondoka huondoka na faili alizoziona ni zake, anayeingia huanza na kabati tupu. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizi imo majumbani mwa watu, chini ya vitanda, na nyumba zenyewe za Kariakoo zinavunjwa kila siku kupisha maghorofa ya maduka.

Mzee mmoja wa huko alinionyesha bahasha ya kaki anayoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Ndani yake mna picha nyeusi na nyeupe ya wachezaji kumi na mmoja, waliochuchumaa mbele na waliosimama nyuma wakiwa wamekunja mikono. Kingo zimeliwa na mende. Maji ya mafuriko yameacha mstari wa rangi ya chai unaopita usawa wa magoti ya waliosimama. Nyuma ya picha mtu aliandika majina yote kwa kalamu ya wino, yakasalia manne yanayosomeka. Mzee anawatambua wengine wawili kwa sura. Watano waliobaki, akiwemo aliyeshika mpira mapajani ambaye kwa kawaida ndiye nahodha, hakuna tena anayewajua pale nyumbani. Nilimuuliza itakwenda wapi akishaondoka duniani. Alicheka, akasema wajukuu wanaiita takataka za babu.

Mashine ya kunakili picha hiyo ingeimaliza kwa dakika moja. Tatizo si mashine. Hakuna mtu ambaye kazi yake ni kubisha hodi kwenye nyumba ile.

3. Sauti

Vijana watanisamehe kwa kuwakumbusha: Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo taifa zima liliangalia mpira kwa masikio. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililoipeleka Taifa Stars Lagos kwenye fainali za Afrika za mwaka 1980, Watanzania wachache mno waliliona kwa macho. Wengine tulilipata kwa redio ya mbao iliyowekwa dirishani ili mtaa mzima usikie. Ikatuchukua hadi mwaka 2019 kurudi kwenye fainali hizo. Kwa miaka hiyo yote, kitu pekee tulichokuwa nacho cha kuwaonyesha watoto kwamba na sisi tuliwahi kwenda ni sauti.

Sauti za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary wa Radio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa sehemu ya mchezo wenyewe. Kuna watu waliojifunza jiografia ya Afrika kwa kumsikiliza mtangazaji akitaja miji ya wapinzani. Sauti hizo zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku, na kanda za sumaku hazina subira. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku hunyonya unyevu, na unyevu wa pwani yetu mnaujua; kanda inaanza kunata, ikiingizwa kwenye mashine unga unabanduka na sauti inaondoka nao. Mashine zenyewe za kuchezea kanda hizo hazitengenezwi tena, na mafundi wake ni wastaafu. Vituo vingi duniani viliwahi pia kurekodi habari mpya juu ya kanda za zamani ili kubana matumizi, kwa hiyo kila kanda iliyookoka ni bahati.

Magazeti yana ahueni kidogo. Ngurumo liliacha kutoka mwaka 1976, Uhuru na Mzalendo yapo kwenye maktaba, lakini karatasi ya gazeti ina asidi yake, inageuka kahawia na kukatika ukiifunua. Matokeo ya ligi za wilaya na mabao ya mechi za kirafiki hayapo mahali pengine popote isipokuwa kwenye kurasa hizo.

Naomba mtuambie, kwa orodha, ni nini kilichopo. Hata kama orodha hiyo ni fupi.

4. Viwanja vya mchangani

Hapa nitasema kwa ufupi maana wengine wamelisema sana. Wachezaji wa Dar hawakuanzia kwenye nyasi. Walianzia kwenye chandimu, mpira wa makaratasi na nailoni, vumbini Jangwani na kwenye kila eneo la wazi ambalo sasa lina ukuta, baa au gereji. Uwanja wa Kaunda wa Yanga ulimezwa na maji na tope la Mto Msimbazi hadi timu ikahamishia mazoezi kwingine. Sasa upo mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na katika mipango yake kuna bustani kubwa ya jiji. Naomba ndani ya bustani hiyo viwemo viwanja vya mpira, vya bure, visivyo na kibali cha kukodi, na viitwe vya Jangwani. Na viwanja vilivyobaki mitaani, kama Kinesi na Bandari ambavyo mashindano ya ndondo bado yanavijaza pomoni, vipimwe, vipewe hati ya matumizi ya michezo, mchoro wake ubandikwe ofisi ya kata mahali ambapo kila mtu anauona.

5. Wasio na matawi

Simba na Yanga zina matawi kila mtaa. Hata tusipofanya kitu, kuna mtu atakayezisimulia. Ninaogopa zaidi kwa wasio na wa kuwasimulia.

Bingwa wa ligi wa mwaka 1967 alikuwa Cosmopolitan, timu ya hapa hapa. Pan African ikawa bingwa mwaka 1982. Waulizeni vijana kumi pale stendi. Bondia Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na aliyemshinda kwenye fainali, John Conteh, alikuja kuwa bingwa wa dunia. Michael Yombayomba akaleta dhahabu ya ngumi kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, kisha mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui wakaleta medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Sidai kwamba wote hao ni wazaliwa wa Dar, na Karatu na mikoa mingine isidhani nawaibia watu wao. Nasema hili ndilo jiji lenye makao makuu ya vyama na baraza la michezo kwa miaka hiyo yote, kwa hiyo mafaili yao yalipita hapa, na hapa ndipo yanapopotea.

Na wanawake? Wachezaji wa netiboli wa timu za mashirika na majeshi walijaza viwanja enzi ambazo soka la wanawake lilichekwa. Sayari na Mburahati Queens walicheza hata hivyo, tena bila jezi za maana. Bila wao asingekuwepo wa kuipeleka Simba Queens nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022. Picha zao ziko kwenye simu za zamani zilizokwisha kuharibika. Mashindano ya mchezo wa bao na ya ngalawa sijayagusa, si kwa sababu ni madogo; yanastahili barua yake.

6. Muda

Joel Bendera, kocha aliyeipeleka Taifa Stars fainali za 1980, alifariki mwaka 2017. Wenzake wa rika lake na wachezaji wake wanaondoka mmoja mmoja, na kila msiba unakuwa na rambirambi za viongozi, shada la maua na ahadi ya kuwaenzi. Ukiuliza siku ya pili kama marehemu aliwahi kukalishwa mbele ya kinasa sauti akaulizwa walisafirije, walilipwa nini, nani aliwashonea jezi, mara nyingi jibu ni hapana.

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa, kwa sababu mengine nimeshaambiwa.

Itasemwa hakuna fedha. Upo Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na unapata sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha, ambayo sote tunaona inavyochezwa. Ninachokiomba kwa kuanzia ni mishahara ya watu wachache, kinasa sauti, mashine za kunakili picha na makabati yasiyoingiza maji. Bonanza moja lenye jukwaa la muziki linagharimu zaidi.

Itasemwa sheria hairuhusu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863, na kweli mwaka huo hapakuwa na Yanga. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo kuwa la kihistoria kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, hata kama umri wake ni mdogo. Na tusijifanye hatujui njia: nyumba ya Mwalimu ya Magomeni ni makumbusho leo, ni nyumba ya kawaida ya mtaani, na hakuna aliyesema ni changa mno.

Itasemwa klabu ni mali ya wanachama wake na serikali haiwezi kuingilia. Hakuna anayetaka vikombe vyao. Nakala ya karatasi haimnyang'anyi mtu karatasi. Tena msajili wa vyama vya michezo, chini ya baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, anapokea katiba na orodha za viongozi wa klabu zote. Aanze na mafaili yake mwenyewe.

Itasemwa kwamba Simba na Yanga haziwezi kukaa chumba kimoja. Hili huwa linanichekesha. Zimechangia uwanja mmoja kwa miongo, wachezaji wao wanalala kambi moja ya Taifa Stars, na mashabiki wao wanaoana. Waliopigana ngumi kwa ajili ya bao la mkono wanaweza kusimama pamoja mbele ya kabati la kioo wakaendelea kubishana. Hiyo ndiyo itakayokuwa sababu ya watu kulipa kiingilio.

Itasemwa mwisho kwamba kila kitu kipo mtandaoni. Nimeangalia. Kilichopo ni picha zilizokatwa miguu, zisizo na mwaka, zenye majina ya watu wengine, zikizungushwa na kurasa za mashabiki ambazo zenyewe hazijui zilizipata wapi.

Basi naomba haya, na nayaomba kabla ya wageni wa AFCON kuanza kushuka uwanja wa ndege.

Mkae pamoja, wizara mbili, jiji na manispaa zake, na mtoke na jina la ofisi moja yenye wajibu. Nani anawekwa si neno kwangu. Awe wa makumbusho, awe wa baraza la michezo. Mtangaze jina hilo.

Ofisi hiyo iandae daftari la maeneo ya michezo ya Dar es Salaam, kuanzia Uwanja wa Uhuru, Karume pale Ilala, makao ya klabu Kariakoo, Jangwani, hadi viwanja vya kata, na kila eneo lisimamishiwe kibao cha Kiswahili kinachosomeka, kilichoandikwa na mtu anayejua nini kilitokea pale na mwaka gani. Uwanja wa Uhuru utangazwe rasmi kuwa eneo la kihistoria, na chini ya jukwaa lake mtengwe vyumba vya makumbusho ya michezo. Mkandarasi yeyote atakayegusa sehemu ya zamani asianze kabla ya kupigwa picha na kuandikwa.

Kanda za redio ziorodheshwe na zihamishiwe kwenye mfumo wa kidijitali, zikianza zilizo katika hali mbaya. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa historia na uandishi wa habari wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Wapewe barua za utambulisho na orodha ya wazee, waende wakarekodi, na wazee walipwe posho ya muda wao kama anavyolipwa mjumbe wa kikao chochote.

Na iwekwe siku moja katika mwezi ambapo mwananchi mwenye picha, medali, tiketi au jezi ya marehemu baba yake anaipeleka mahali panapojulikana, inanakiliwa, majina yanaandikwa, anarudishiwa mali yake na karatasi ya shukrani. Kariakoo ipo katikati, ianze huko.

Naomba majibu kwa maandishi. Hata yakiwa ya kukataa, nitayachapisha kama yalivyo, ili anayefuata asianze kuzungushwa kutoka mlango wa kwanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Ilala na mpenzi wa michezo,
Dar es Salaam.

Nakala: matawi yote ya Simba na Yanga ya Dar es Salaam, wazee wa Cosmopolitan na Pan African, maveterani wa ngumi, riadha na netiboli, popote walipo.